Wodi Isiyo na Udongo

Sista alikuwa na desturi ya kumnusa mtu kabla ya kumsalimia. Haikuwa kukosa adabu, ilikuwa kazi. Miaka yote aliyouguza watu, kwanza katika zahanati za tambarare za Kitui na baadaye katika wodi ya wanaume ya hospitali kubwa zaidi, aliamini kwamba pua ya muuguzi hufika kitandani kabla ya miguu yake. Angesimama mlangoni, avute pumzi fupi, kisha aseme, "Kitanda cha nne, kidonda kimeharibika," na wakifungua bendeji wanakuta kidonda kimeharibika kweli. Mimi mwenyewe aliwahi kuninusa nikiwa na miaka kumi na saba, nimetoka shule ya bweni, nimemsalimia kwa heshima zote nilizofundishwa. Akajibu, "Kavisi, hiyo sigara ulivutia wapi?"

Kavisi kwa Kikamba ni kijana mdogo wa kiume. Sasa nina mvi, kitambi, na digrii mbili ambazo hazijawahi kunisaidia kupanda mlima, lakini yeye bado huniita hivyo hivyo.

Naanza na pua yake kwa sababu baadaye aliipoteza, na kwa sababu kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kitu cha kunusa.

Nyumba yake iko Mbooni, ng'ambo ya kijito kutoka shamba la mama yangu, kwenye mteremko ambapo mahindi hupandwa kama watu wanaong'ang'ania ngazi. Ukipita barabarani unaiona nyumba ya kawaida: mabati, tangi la maji ya mvua, mparachichi uliozeeka mbele na mkuyu nyuma. Ukiingia barazani ndipo unapogundua kwamba hapa pana mambo. Kwenye boriti, kwenye nguzo, kwenye misumari iliyopigiliwa ukutani, vilining'inia vipande vya matawi na magome, na juu ya kila kipande umefungwa mmea. Majani mazito yanayong'aa, mizizi myeupe kama kamba za viatu, inaning'inia hewani haishiki chochote. Hakuna chungu wala udongo. Waliosoma huita mimea hii okidi. Sista aliiita wagonjwa.

Ile ilikuwa wodi, wala sisemi kwa mfano. Kila mmea ulikuwa umefungwa kwa utepe wa bendeji kuukuu iliyofuliwa na kukunjwa, na kwenye kila msumari ilining'inia kadi yenye namba ya kitanda, tarehe ya kulazwa, alikotoka na hali yake. Saa moja kila asubuhi Sista alipita akiwa na bomba la sindano lisilo na sindano, saa yake ndogo imebanwa kifuani kichwa chini kama zamani kazini, akirushia kila mzizi maji kidogo. Ni maji ya mvua tu. Aliyakinga kwenye tangi na kuyalinda kuliko maji yake ya kunywa.

"Hawa hawanyweshwi," aliniambia mara ya kwanza niliposhika lile bomba na kumiminia mmoja kwa ukarimu. "Hawa wanaoshwa uso. Ukimnywesha utamuua."

"Na mizizi si ifunikwe kidogo, Sista? Inaonekana ina baridi."

"Mizizi yao inataka kuona nje. Kwani wewe ukilala unafunika pua?"

Ninalala nikiwa nimefunika pua, lakini sikusema.

Wagonjwa aliwatoa kwa wachoma makaa. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawakuielewa. Mimea hii huishi juu ya miti mikubwa, na mti ukiangushwa nayo huanguka, na tawi likiingia tanurini nayo huingia. Sista alikuwa akisikia mahali panapokatwa mti, anavaa buti, anabeba kiondo, kikapu chake cha kusuka, na kuteremka. Niliwahi kumsindikiza wakati wa likizo ya chuo, nikijiona mwanaharakati wa mazingira. Tulimkuta mchoma makaa mmoja anapanga magogo, uso mweusi, macho mekundu.

"Sista, leo makaa bado," akasema. "Rudi Alhamisi."

"Sitaki makaa. Nataka kukagua magogo."

"Nyoka hakuna, nimeangalia."

Alipita juu ya magogo yale taratibu, akiinama, akigeuza, hadi akapata kimmea kimoja kilichobanwa chini ya gome, majani mawili tu, moja limekatika. Alikitoa kwa kisu kidogo pamoja na kipande cha gome lake. Mimi nilianza kumhutubia yule mtu kuhusu misitu na mvua na vizazi vijavyo. Sista alinigusa mkono. "Kavisi, huyu ana watoto wanne na mimi ndiye niliyewapokea wawili wakizaliwa. Beba kiondo." Kisha akamwambia yule mtu, "Ukiona kingine kama hiki, kiweke pembeni kivulini." Naye akaitikia, na tangu siku hiyo alikuwa akiviweka pembeni kivulini, akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mwingine. Mimi na hotuba yangu hatukuokoa hata jani moja.

Kutoka kwa mti uliosimama hakutoa kamwe. "Aliye nyumbani kwake si mgonjwa," alisema.

Mtu mwenye bidii ya namna hii ungetarajia awe na wageni. Hakuwa nao. Nilichukua miaka kuelewa kwa nini, na nilipoelewa nilicheka kidogo kisha nikaacha kucheka. Nusu ya kilima kile alikuwa amewaona uchi. Alikuwa amewadunga sindano wazee wa kanisa, amewafunga bendeji wanaume waliolia mbele yake, amewashika mikono wanawake siku ambazo hawakutaka zikumbukwe. Walimheshimu mno. Walimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti kubwa, na kuendelea na safari zao. Yeye naye hakuwarahisishia mambo. Ukimwambia hujambo alikuangalia kama mtu anayesubiri dalili.

Akina mama wa kanisa walijaribu. Walikuja siku moja na sukari na majani ya chai, wakaketi barazani chini ya ile mizizi, kila mmoja akiinamisha kichwa isimguse. Mama yangu alikuwepo, naye ndiye aliyenisimulia.

"Sista, hivi vitu vinakula nini?" akauliza mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Hewa."

"Hewa tu?"

"Hewa na ukungu. Na wewe ungejaribu wiki moja, lile goti lingepona."

Mama anasema mwenyekiti alilifunika goti kwa kanga. Kisha mmoja akasema kitu kinachoishi bila kugusa ardhi kinamtia wasiwasi, labda waombe. Sista akasema waombe tu, kwa kuwa aliyeviweka juu ya miti hakuvikosea. Wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka, na hawakurudi kwa wingi ule tena. Jumapili aliketi benchi la tatu kutoka mwisho, upande wa dirisha, na benchi lile lilikuwa lake peke yake bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Alikuwa mkali, lakini kuna jambo moja tu lililomkasirisha hata sauti yake ikatetemeka, nalo ni ripoti ya uongo. Alinisimulia kisa hiki si chini ya mara tano. Zamani, wodini, alipokea zamu ya asubuhi. Kwa kawaida anayetoka na anayeingia hutembea pamoja kitanda kwa kitanda: huyu amelala vizuri, huyu ametapika, huyu dawa yake imeisha. Yule muuguzi msichana aliyekuwa anatoka alikuwa na haraka, akamkabidhi chati mezani. Kitanda cha tisa, mzee mmoja, joto la kawaida saa kumi, joto la kawaida saa kumi na mbili. Sista akaenda kitanda cha tisa. Mzee alikuwa amekufa zamani, amepoa, mkono umekaza.

"Joto la kawaida," Sista alikuwa akisema, kila mara kwa sauti ile ile. "Amempima bila kuinuka kwenye kiti chake. Maiti ana joto la kawaida." Kisha alinielekezea kidole kana kwamba ni mimi niliyekuwa na haraka. "Usiripoti usichokiona."

Nilikuwa nikitikisa kichwa kwa uzito unaostahili. Sikujua kwamba nafanyishwa mazoezi.

Pua yake ilikwenda baada ya kustaafu, mwaka ule alipougua mafua mabaya yaliyomlaza mwezi mzima. Hakumwambia mtu. Niligundua kwa bahati. Nilikuwa nimekuja kumwona mama, nikavuka kijito kumsalimia, nikamkuta barazani amekaa na kadi zake mapajani. Jikoni, hatua tano nyuma yake, sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, ilikuwa inaungua hadi moshi unatoka dirishani.

"Sista, chakula kinaungua."

"Najua," akasema. Hakuwa anajua. Alisimama upesi mno, kadi zikaanguka. Nilipofika jikoni nilimkuta amesimama juu ya sufuria, moshi umemzunguka, anavuta pumzi, anavuta tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Tuliketi. Hakulia. Baada ya muda akaniuliza, kana kwamba ni jambo la kiofisi, "Kitanda cha sita amefungua jana. Jioni hii uko?"

Kitanda cha sita kilikuwa na mmea wenye maua meupe, kila ua na mkia mwembamba mrefu nyuma yake kama uzi. Maua meupe ya namna hiyo hayana harufu yoyote mchana. Unaweza kuyasukumia pua mpaka uchafuke poda, hupati kitu. Jua likizama tu, ndipo hutoa manukato, kwa sababu anayeyatembelea ni nondo naye hutoka gizani. Hayo alinifundisha yeye. Nilikaa hadi jioni. Manukato yalipokuja yalikuja mara moja, kama mtu aliyeingia chumbani.

"Imeanza, Sista."

"Vipi?"

"Kama… kama usiku wa harusi ya mtu usiyemjua, ukiwa umesimama nje ya ua."

"Sitaki mashairi. Tamu au kali?"

"Tamu."

"Nzito au nyepesi?"

"Nyepesi. Halafu nzito kidogo."

Aliangalia saa yake ya kifuani, akaandika kwenye kadi: tamu, nyepesi kisha nzito, saa kumi na mbili na nusu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa pua ya Sista. Kati ya kazi zote nilizowahi kufanya ndiyo pekee niliyoifanya bila kuomba ruhusa ya kutoka mapema. Kila nilipokuja Mbooni, niliketi naye jioni, naye alisema, "Toa ripoti." Miaka kadhaa ilienda hivyo.

Kisha nilipata kazi mjini Kitui, ya kuhariri ripoti za watu wengine. Ndiyo, ripoti. Mke wangu alibaki Nairobi na kazi yake, watoto wako vyuoni, mimi nikapanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, ambamo nilitumia kimoja. Siku niliyokuja kuaga Mbooni, Sista aliniletea mmea. Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha gome, majani matatu, bendeji mpya. Kadi yake alibaki nayo. "Kadi inakaa wodini," alisema. "Wewe utanipigia, mimi nitaandika. Huyu ni mweupe, kama kitanda cha sita. Akifungua, nataka kujua."

"Nitamtunza, Sista."

"Usimtunze sana."

Hapo ndipo nilipomkosea. Kitui kuna joto ambalo Mbooni halijulikani, na nyumba yangu ilikuwa na bati lililo karibu na kichwa. Nilimtundika yule mmea dirishani, nikamwangalia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mizizi imening'inia, kavu, myeupe, haina pa kushika. Kwetu, mahali ambapo watu wameamka alfajiri kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji, ukikionea kitu huruma unakipa maji. Hatujui njia nyingine ya kupenda. Nikampa. Na kwa kuwa maji yangu yalikuja kwa mitungi ya mkokoteni kutoka kisima, maji yenye chumvi hata chai yake inahitaji moyo, nilimpa hayo. Majani yalipoanza kunyauka, nikaamua tatizo ni udongo. Nilinunua sokoni udongo mzuri na samadi ya mbuzi, nikampanda katika sufuria kuukuu hadi shingoni, nikamwagilia asubuhi na jioni. Nilihisi fahari. Mtu mwenye digrii mbili alikuwa amemzika mgonjwa akiwa hai, kisha anamnywesha chumvi.

Alioza katika wiki tatu. Alinuka, na hayakuwa manukato.

Jumapili ile, baada ya kanisa, simu ikalia. "Toa ripoti."

Nilikuwa nimeshika ile sufuria. Naapa nilikuwa nimeishika. "Anaendelea vizuri, Sista."

Sijui kama kuna neno rahisi zaidi kulitamka. Wiki iliyofuata alikuwa anaendelea vizuri pia. Baada ya miezi miwili nilimwotesha jani la nne. Uongo unahitaji kulishwa kama mbuzi, nami nilikuwa mfugaji mzuri. Mara moja nilihisi mambo yamekuwa mazuri mno kuaminika, nikamletea wadudu: "Sista, naona vidudu vyeupe chini ya jani." Alinieleza polepole jinsi ya kuloweka pamba kwenye maji ya sabuni, kupangusa, kusubiri, kupangusa tena. Alinirudisha nyuma niandike hatua ya tatu. Niliiandika. Bado ninacho kile kikaratasi chenye maelezo ya kumtibu mmea ambao wakati huo ulikuwa umetupwa jalalani tangu mwaka uliotangulia.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba uongo ule ulinifungia njia ya Mbooni. Kwenye simu ningeweza. Barazani, chini ya mizizi ile, macho yake yakiwa juu yangu, nisingeweza, nami nilijua. Nikaanza kuwa na kazi nyingi. Mama alipokuja kunitembelea Kitui nilifurahi kupita kiasi kwa kuwa ilimaanisha siendi. Safari yenyewe si ndefu, niliifanya ndefu. Na jioni, nikiwa peke yangu katika kile chumba kimoja cha vyumba vitatu, nilikuwa nikiwaza jinsi kitanda cha sita kinavyofungua maua na hakuna mtu wa kumwambia Sista kama yananukia.

Yeye alipiga simu kila Jumapili. Miaka minne. Simu hazikuwa ndefu. Ripoti, jani la ngapi, joto la huko likoje, umekula nini. Kisha, "Haya, kavisi," na kukata.

Mwaka wa nne nilifungua maua. Nilidhani ni zawadi. Alikuwa na sauti ya uchovu, alikuwa ameteleza njiani wiki hiyo na kuvunjika kifundo cha mkono, nami nilitaka kumpa kitu. "Sista, amefungua," nikasema. "Maua matano. Nimeamka asubuhi hii nikafungua dirisha, nyumba yote inanukia."

Nilisikia kadi ikivutwa mezani.

"Asubuhi," akasema.

"Asubuhi hii hii. Tamu, nyepesi, halafu nzito kidogo."

"Vizuri," akasema. "Nitaandika."

Aliniita miezi sita baadaye. Mkono haukuunga vizuri, hakuweza kuishi peke yake tena na ule mteremko, na mpwa wake, mtu mwema anayeuza vipuri vya malori pale Emali kwenye njia panda, alikuwa amemjengea chumba. Pikapu ingekuja kesho yake. "Emali kuna vumbi na moshi wa malori," aliniambia kwenye simu. "Hawa hawatamaliza Jumapili mbili. Njoo upokee zamu."

Nilifika mchana. Alikuwa amepungua, mkono mmoja umekaa vibaya, lakini ile saa ilikuwa kifuani pake. Hakuninusa. Alisimama tu mlangoni, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Umenenepa," kisha akachukua rundo la kadi na tukaanza, kitanda kwa kitanda. Huyu alitoka kwa mchoma makaa wa bondeni, alikuwa na jani moja na nusu, sasa ana saba. Huyu hajawahi kufungua, usimlaumu. Huyu wa sita unamjua. Nilimfuata nikiitikia, na tulipokaribia mwisho wa baraza niliona msumari mtupu ambao juu yake ilining'inia kadi bila mmea.

Alisimama hapo. "Huyu ni wako. Toa ripoti."

Kadi ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mwandiko wake mdogo ulionyooka. Jani la nne. Wadudu weupe, ameelekezwa. Jani la tano. Anaendelea vizuri, anaendelea vizuri, anaendelea vizuri. Maua matano.

"Alikufa, Sista," nikasema. "Hata mwezi hakumaliza. Nilimpanda kwenye udongo."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku uliyomnusa asubuhi." Alikuwa akirekebisha bendeji ya mgonjwa wa jirani kwa mkono wake mzima. "Kabla ya hapo nilishuku. Hakuna mmea unaoota majani kwa vipindi sawasawa namna hiyo. Lakini siku ile nilijua."

"Na bado ulipiga simu. Miezi sita. Ulikuwa unaniuliza anaendeleaje."

Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole. "Sasa ningekuuliza nini kingine?" akasema. "Habari za siasa?"

Yeye alitoa kalamu kwenye mfuko wa sweta akanipa pamoja na kadi. "Funga." Nikaandika chini kabisa, pembeni, palipobaki nafasi: Alikufa. Nikamrudishia.

"Tarehe."

"Siikumbuki, Sista."

"Basi weka ya leo. Leo ndiyo imeripotiwa."

Nikaiweka. Alisoma, akaitia kadi ile pamoja na nyingine, katikati, wala hakuitenga. Kisha akasema wagonjwa wote wanaruhusiwa kwenda nyumbani, na kwamba nivue koti.

Kwa saa zilizobaki nilikwea miti, nikiwafunga wagonjwa juu ya matawi. Mparachichi kwanza, kisha mkuyu, kisha tena mparachichi. Nilipanda na bendeji mdomoni na mmea kifuani, nikivunja matawi ambayo yangembeba mtu wa miaka ishirini. Yeye alikaa chini kwenye kigoda akiamuru. "Upande wa ukungu, kavisi. Ule mwingine jua litampiga. Usimkaze, si mwizi huyo. Juu kidogo. Nimesema juu, wewe unaogopa nini? Ukianguka mimi ni muuguzi." Kulikuwa na watu barabarani. Walisimama, wakatusalimia kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo, wakaendelea na safari zao.

Jua lilipokaribia kuzama baraza lilikuwa tupu, misumari tu. Tuliketi kwenye benchi lililobaki. Ukungu ulikuwa unaanza kupanda kutoka kijitoni. Mapajani alikuwa na kadi ya kitanda cha sita, ambaye sasa alikuwa kwenye mparachichi na maua yake, na alishika kalamu.

"Inanukia?"

"Bado."

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Ingekuwa hata huruma. Bodaboda aliyenileta, niliyemwagiza arudi jioni kunizungusha hadi kwa mama, alipiga honi barabarani mara mbili, Sista akasema niende, nitachelewa, mama yangu atakuwa amepika. Nikampungia yule kijana mkono aende. Tukakaa. Nilikuwa nasikia baridi, nikavaa tena koti.

"Sasa?"

"Bado, Sista."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa habari njema.

Kisha ikaja. "Imeanza."

Aliinua saa yake, akaisogeza karibu na macho. "Saa moja kasoro dakika kumi na tano," akasema, akaandika. "Kutoka mti upi?"

"Mparachichi, nadhani."

"Usidhani. Nenda ukanuse."

Nikasimama, nikaingia kwenye ule ukungu chini ya miti, pua juu, mikono mbele, kama mbwa wa mtu mwingine. Nilizunguka mkuyu. Hakuna kitu. Nilirudi kwenye mparachichi, nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu, na hapo manukato yalikuwepo, usoni kabisa.

"Ni huyu, Sista. Mparachichi, tawi la chini. Tamu. Nyepesi."

Sikumwona vizuri, nilimwona tu kama kivuli kwenye benchi. Nilingoja aulize kuhusu uzito. Badala yake akauliza, "Kama nini?"

Nilivuta pumzi tena. "Kama yunifomu yako," nikasema mwishowe, "ulipokuwa ukipita kwetu kwenda kazini."

"Yunifomu yangu ilinukia dawa ya kuoshea sakafu."

"Hiyo ni ya jioni. Nasema ya Jumatatu asubuhi, Sista. Imetoka kupigwa pasi, na nje kuna baridi."

Nilisikia akigeuza kadi, kisha akitafuta nyingine chini yake.

"Haya," akasema. "Na huyo mwingine, wa tawi la juu?"